Masale Manne ya Uwanjani

Pale uwanjani waliniita Mangi, yaani chifu, kama wanavyomwita kila Mchagga akishatoka kwao, na mimi mjinga nikavimba kichwa. Kazi ilikuwa kurefusha njia ya kurukia ndege hapa Moshi na kuchimba mitaro mipya, maana masika yakifika eneo lote linakuwa dimbwi. Mimi nilikuwa mpimaji. Mhandisi alikuwa mtu wa Kanda ya Ziwa, mpole, muulizaji wa kila kitu, na vibarua wengi nao walitoka mbali. Basi chochote cha mila au cha majirani nilikuwa naulizwa mimi, na sikuwahi hata siku moja kusema sijui.

Njia mpya ilipita kwenye yaliyokuwa mashamba ya mahindi ya watu wa mlimani. Kwetu, mtu ana kihamba chake huko juu, kwenye migomba na kahawa. Hapo ndipo anapoishi, na hapo ndipo anapozikwa. Shamba la tambarare ni la kulima tu, unashuka na jembe asubuhi na jioni unapanda nalo. Wenye mashamba walikuwa wameshasaini na kuondoka. Makaburi yaliyoandikishwa yalikuwa mawili, yote ya watu wa kuja, na yalikuwa yamehamishwa kwa heshima zote.

Asubuhi moja mhandisi akasimamisha greda. Ameona masale manne yamesimama katikati ya magugu, majani yake marefu yakiwa mabichi na yamepogolewa vizuri. Akaniita, akauliza kama hilo si kaburi, kwa sababu amesikia Wachagga hupanda masale makaburini. Nilicheka. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo, kwamba nilicheka, mbele ya watu. Nikamfundisha kwamba masale tunapanda mipakani vilevile.

"Mchagga hazikwi porini, mhandisi," nikamwambia. "Huo ni mpaka. Pitisheni."

Sasa niseme ukweli. Mpaka wa shamba lile ulikuwa hatua kama nane upande wa kushoto, na nilijua, maana niliuchora mwenyewe kwa mkono wangu. Kamba ya kupimia ilikuwa begani. Sikupima. Hata dereva wa greda aliteremka akasema ardhi pale imelegea kuliko kwingine, nikampungia mkono aendelee, jua lilikuwa limeshakuwa kali na nilikuwa nataka chai. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni alikuja, mwenyeji nikamfunga mdomo.

Udongo mweusi wa kule haufai chini ya njia ya ndege, ukilowa unavimba na ukikauka unapasuka. Kwa hiyo ulikuwa unakwanguliwa wote mpaka kwenye tabaka gumu, halafu malori yanaumwaga kwenye machimbo ya zamani ya kokoto. Kufika saa sita mchana masale hayakuwepo.

Siku tano baadaye akaja bibi mmoja kutoka Old Moshi, amejitwisha sanduku dogo jipya la mbao, na juu yake shuka jeupe limekunjwa. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akauliza kama ndiye mimi mpimaji Mchagga. Nikasema ndiye, tena kwa kujidai.

Akakaa kwenye tofali akanieleza. Binti yake alimkimbia mume, na alipofariki upande wa mume wakakataa kumzika. Kwao nako, kijana wake bibi, aliyerithi kihamba, akasema mwanamke aliyeolewa hazikwi kwa baba yake. Basi mama mtu akamzika huku chini, kwenye shamba alilokuwa akilima mwenyewe, na jirani mmoja akamsaidia kuimba. Akapanda masale kwenye pembe nne, na kila aliposhuka kupalilia aliyapogoa. Wakati wa kuandikisha makaburi yule kijana alinyamaza kwa aibu, akasaini. Mama yake alipojua alimnunia wiki nzima, hali chakula chake, mpaka kijana akalainika. Sasa alikuwa amechimba kaburi kwa mikono yake mwenyewe, kwenye migomba, kando ya baba yao. Mchungaji angekuja Jumamosi. Binti alikuwa anarudi nyumbani.

"Niliambiwa mpimaji ni mtu wetu, nikatulia," akasema. "Nikasema huyo akiona masale atasimama."

Nikampeleka, tukasimama kwenye ule uwanda uliokwanguliwa na kushindiliwa, akauliza ni wapi. Sikuweza kumwonyesha. Nikamwambia yote, pamoja na kucheka kwangu. Hakulia. Alilishusha sanduku chini taratibu, akalifunika kwa lile shuka, akakaa pembeni yake mpaka jioni.

Mhandisi hakunilaumu hata kwa neno, na afadhali angenitukana. Alinipa vibarua wanne tukaenda machimboni kugeuza udongo kwa sepetu siku mbili. Malori yalikuwa yamemwaga mzigo juu ya mzigo, na mwingine watu walishaomba na kuuchukua kusawazishia viwanja vyao. Hatukupata hata kipande cha kitambaa. Tulipata isale moja, limevunjika majani lakini mizizi mizima. Masale hayafi upesi.

Jumamosi ile kaburi la mlimani lilifukiwa tupu. Nilisikia kijana alitaka kulijengea kwa saruji na kuweka msalaba, mama yake akakataa, akasema hawezi kupalilia kaburi lisilo na mtu.

Kwetu aliyekosa hupeleka isale, jani lake limefungwa fundo, na anayepelekewa hana ruhusa ya kukataa msamaha, hata kama amefiwa kwa mkono wako. Nilikaa wiki tatu nikijidai kazi zimenibana. Halafu nikapanda mlimani na isale lile lile la machimboni. Sitajisafisha hapa. Nilikuwa na majuto, ndiyo, lakini pia nilikuwa najua kwamba akiliona tu imekwisha, lazima anisamehe, na mimi nitalala. Nilienda nikiwa nimeshajisamehe nusu.

Nilimkuta uani anakatia ng'ombe majani. Nikapiga magoti, nikampa. Akalipokea kwa mikono yote miwili, akaligeuza akatazama mizizi yenye udongo mweusi wa tambarare, na nikaona amelitambua. Akafungua fundo polepole.

"Nimekusamehe, mwanangu," akasema. "Sasa nionyeshe pa kulipanda."