Siku Vumilia Alipoangukia Motoni

Moshi wa kuni mbichi za miti ya misindano una ukali unaokaa kooni, na asubuhi za Juni pale shuleni kwetu, karibu na Igowole, ulichanganyika na ukungu hata bendera hatukuiona. Msimu ule wa baridi wanafunzi tulipokezana kupika uji. Zamu ya darasa la sita ilipofika, dada yangu Vumilia aliinama kuchochea kuni, akakakamaa, akaanguka, mkono wake wa kulia ukaingia motoni. Alikuwa na kifafa. Nyumbani tulishakizoea, mama alikaa naye chini mpaka kipite, kisha akampangusa mdomo. Shuleni wenzake walitawanyika wakipiga mayowe. Mwalimu wa zamu akatoka mbio, nikadhani amekuja kumvuta. Akasimama mbali.

"Rudini nyuma! Asimguse mtu! Mate yake yanaambukiza!"

"Mwalimu, anaungua," nikalia.

"Nimesema rudi!"

Nilijipenyeza nimfikie, akanidaka kola na kuning'ang'ania. Nguvu za kunizuia mimi alikuwa nazo; za kumvuta Vumilia hakuwa nazo. Tulisikia harufu ya sweta likiungua, kisha harufu nyingine. Kifafa kilipomwachia, alijikokota mwenyewe kutoka jivuni, akautazama mkono wake kama wa mtu mwingine. Hakuna aliyemmwagia maji. Mama alipofika kutoka shambani, mwalimu mkuu hakumpa hata pole. Alimwambia mbele yetu sote, "Mama, mtoto huyu anatutishia wanafunzi. Mkae naye nyumbani." Uji ukamwagwa, eti umeingiwa na ugonjwa.

Vumilia hakurudi darasani tena. Leo anaishi Kihesa, mjini Iringa, vidole vimeshikana na kiganja, havikunjuki. Dawa zimemtuliza, na watu humwambia amepona. Mwenye kovu usidhani kapoa. Mwezi uliopita tulikwenda pamoja kumchukua binti yangu shuleni, tukakuta mvulana ameanguka uwanjani, anatetemeka mwili mzima. Mwalimu wake, msichana mdogo tu, alimgeuza ubavu, akamwekea koti lake chini ya kichwa, akampigia simu mzazi. Watoto wengine waliendelea kuruka kamba. Mvulana alipofumbua macho, mwalimu akamsaidia kuketi, akamtania kidogo, naye akacheka.

Vumilia alitazama mwanzo hadi mwisho. Tulipofika getini ndipo akasimama.

"Kumbe," akasema, "ni jambo dogo hivyo."