Gari Lililopanda Fizi Kimya

Iko siku moja ambayo hainitoki, mwanangu, na juzi ilinirudia yote ulipopita mbele ya karakana yangu hapa mjini Baraka, kando ya ziwa, na hilo gari lako la chini, la milango miwili, likinguruma mpaka wamama wa sokoni wakaacha kupima samaki wao wadogo, ndagala, na kugeuka kutazama. Ulisimama, ukashusha kioo, ukaniambia kwa heshima, "Papa, bomba la moshi limelegea. Nalipeleka Bujumbura, kwa kampuni yenyewe ya haya magari." Nikakuomba uzime injini, nikainama nikatazama. Ni bolti tu zilizolegea. Nilipokuambia hivyo ulicheka kidogo, ukasema gari la namna hii haliguswi na kila mtu, kisha ukaondoka kwa haraka.

Sikukukasirikia. Maneno hayo hayo niliyasema mimi kabla hujazaliwa, na nilikuwa na haki zaidi ya kuyasema kuliko wewe, maana mimi nilikuwa na diplome. Kwa kuwa hukuwa na nafasi ya kunisikiliza, nakuandikia. Usome ukiwa umetulia.

Kwanza ujue nani anakuandikia. Nyinyi vijana mnaniona na ovaroli yenye mafuta, mnadhani nilizaliwa nayo. Vita viliponitoa Fizi nilivuka ziwa na shati moja. Nilibeba magunia Kigoma, nikafika Lusaka, nikaosha magari ya watu mchana na kusoma jioni, mpaka nikatunukiwa diplome ya ufundi wa magari. Hakuna mjomba aliyenilipia, hakuna pasta aliyeniombea nafasi. Nilipoamua kurudi nyumbani, sikurudi na mfuko wa plastiki kama wengine. Nilirudi na gari jekundu la mbio, ambalo meli ililitoa bandari ya Mpulungu ikalishusha bandari ya Kalundu, na kutoka pale nikaliendesha hadi Baraka polepole kama mtu aliyebeba mayai. Siku ile watu walifuata nyuma wakipiga makofi. Wengine walinisalimia bila kunijua. Nasema ukweli, sijaona tena mapokezi kama yale hapa Baraka, hata ya mheshimiwa.

Mama yangu alikuwa bado Fizi, juu kule, katika nyumba aliyoachiwa na baba. Macho yake yalikuwa yamefungwa na mtoto wa jicho. Aliona mwanga, hakuona sura. Basi kila Jumapili baada ya ibada nilipanda kwenda kumsalimia. Unaijua barabara ile. Mawe yanapiga gari tumboni, mifereji ya mvua inalitikisa kama kapu la karanga. Haikupita muda, bolti zinazoshika bomba la moshi kwenye injini zikalegea, gasketi inayoziba hewa katikati yake ikaungua, na gari likaanza kutoa sauti iliyotangulia mbele yetu.

Vijana wa Baraka walifurahi sana. Mmoja alikuwa ananipigia kelele kila nikipita: "Injinia! Gari yako inakohoa, uipeleke hopitali!" Mwenzake anamjibu, "Acha, iko inaimba!" Nami nilipunga mkono kama mkubwa.

Lakini aliyependa ile kelele kuliko wote ni mama. Jumapili moja nilimkuta anasonga bugali, na nilipozima injini tu akaipakua, moshi wake unapanda. Nikashangaa alijuaje. Akacheka.

"Mi nakusikia ukiwa chini kabisa ya mulima," aliniambia. "Pale naweka maji. Ukifika kwa kanisa, naanza kusonga. Ukizima iyo gari yako, bugali iko tayari."

Jirani yake, Mama Riziki, mwanamke aliyelima naye shamba na kuchota naye maji, akaongeza, "Mama wa Injinia iko na saa ya masikio! Sisi wenye macho tunapikia batoto bugali inapoa."

Wewe ni mtoto wa huku, huna haja ya kufundishwa. Mama wa kwetu akimpa mwanawe aliyetoka njiani bugali baridi, anajiona kama amemfungia mlango. Na mama asiyeona angejuaje saa ya kuweka maji? Ile sauti mbovu ndiyo ilimrudishia kazi yake ya umama. Mimi niliisikia kama ugonjwa wa gari, nikamwambia nitaitibu.

"Uiache," alisema. "Iko inakuleta."

Nikacheka. Sikuweza kuiacha, na hapo ufundi wangu haukukosea. Bolti zile zikilegea, hewa chafu ya injini inaingia ndani ya gari. Nilikuwa nimeanza kuumwa kichwa nikifika juu, hata madirisha yakiwa wazi. Ilikuwa lazima kutengeneza. Spana zilikuwa chini ya kiti changu, na kazi ile ningeimaliza uani kwangu kabla chai haijapoa.

Sikuifanya. Hapa Baraka wakati ule, mtu wa kulala chini ya gari alikuwa yule ambaye shule ilimshinda. Mimi niliyevaa viatu vinavyong'aa, nilale mavumbini mbele ya watu walionipigia makofi? Tena nilikuwa nimekwisha kuwaambia wote kwamba gari hili linahudumiwa na kampuni peke yake. Basi nikatangaza safari. Niliwaambia watu wa soko, watu wa kanisa, hata wale wa kizuizi cha barabarani: gari linakwenda Bujumbura kutolewa kelele. Mji mzima ulijua.

Mama nilimwambia, "Mama, nitasafiri kidogo." Ni hayo tu. Niliona mambo ya bomba la moshi hayamhusu.

Kule Bujumbura, jumba lao lilikuwa na sakafu ambayo ungeweza kujitazama ndani yake. Walilipandisha gari juu kwa mashine, nami nikasimama chini yake na kuona kwa macho yangu: bolti zimelegea, gasketi imeungua, bomba lenyewe zima kabisa. Kijana mwenye shati jeupe akaniambia bomba lote libadilishwe, kuanzia kwenye injini mpaka nyuma, na kwamba jipya litaagizwa ng'ambo. Alinitajia bei. Mwanangu, kwa bei ile mvuvi wa Baraka angepata injini ya mtumbwi wake na nyavu juu yake. Nilijua ni upuuzi. Nilikuwa na diplome ya kumwambia ni upuuzi. Nikasema, "Sawa," kwa sauti ya mtu asiyetishwa na bei.

Kisha nikangoja. Bomba lilikuwa baharini, halafu likawa bandarini, halafu likawa njiani. Nilikaa kwa ndugu yetu mmoja, ninakula wali, ninawasimulia wageni wake habari za Lusaka. Jumapili zikapita. Simu wakati ule zilikuwa za wachache, na Fizi ulipaswa kupanda kilimani kutafuta mtandao. Lakini Mama Riziki alikuwa na mtoto mwenye simu Baraka. Kutuma neno kupitia kwake kungewezekana. Halikunijia hata wazo hilo.

Katika siku zile, watu wenye silaha walisimamisha gari moja kwenye barabara ya kupanda Fizi, wakalichoma. Habari ilifika juu bila jina la mwenye gari, na watu wa Baraka waliojua niliko walidhani mama naye anajua.

Hatimaye nilirudi. Gari lilikuwa kimya hata nilisikia saa ya mkononi mwangu. Nilipita sokoni Baraka, hakuna aliyegeuka, nami nikafurahi, nikajiambia huu ndio utulivu wa gari la mtu mkubwa. Nikapanda mlima siku hiyo hiyo, Jumapili, ili mama naye aonje. Nilipita kanisani, nikazima injini uani kwake, nikashuka.

Alikuwa amekaa kando ya mafiga, uso ameuelekeza barabarani. Sufuria ilikuwa motoni, imekauka, inanuka chuma. Alikuwa amekonda, kitenge kilimzunguka mara mbili. Mama Riziki alitokea mlangoni, akaniona, akajishika mdomo.

"Mama," nikasema.

"Ni nani?"

"Ni mimi, Mama."

Alinyoosha mkono, akanishika vidole, akapanda mpaka kwenye kiwiko, kwenye kovu la maji ya moto nililolipata Lusaka. Akaliacha, akalishika tena.

"Ulikuya na miguu?"

"Hapana, Mama. Gari iko hapa nje."

"Mi sikusikia gari."

"Waliitengeneza Bujumbura. Haina kelele tena."

"Na weye ulijua mi nasikiliza?"

"Kila siku ya Mungu anaweka maji," Mama Riziki alinifokea. "Inakauka, anaweka ingine. Tukimwambia akule, anasema bugali iko ya mutoto. Balisema gari moja ilichomwa pale chini, akasema ni yako. Tulikukalia matanga hapa, Injinia! Siku tatu tulilala inje! Na weye uko Bujumbura unatengeneza gari?"

"Umuache," mama alisema. Kisha akanigeukia, macho yake meupe yakitafuta mahali uso wangu ulipo. "Mi sikutaka gari mzuri. Nilitaka kujua umefika."

Nimetukanwa na wakubwa wa nchi nne, mwanangu, na wote niliwajibu. Mbele ya yule mwanamke mwembamba aliyekaa kando ya mafiga niliinama tu, nikaepua sufuria yake iliyokauka.

Nilibaki Fizi. Nilimlisha kwa mkono wangu, nikamshusha hospitali Baraka, nikamrudisha alipoomba kurudi. Wauguzi walisema ni uzee, na mimi sibishani na watu katika kazi yao. Lakini mwili uliokwisha kumlilia mtoto haukutaka tena kushika chakula. Na kila gari lilipopita barabarani aliuliza, "Ni yeye?" hali mimi nimekaa pembeni yake, nimemshika mkono. Alikuwa amechoka, akawa ananisahau hapo nilipo na kunisubiri huko njiani.

Siku moja mchana nilishindwa kuvumilia. Nilitoka, nikavua shati la kola, nikachukua spana chini ya kiti. Nikaweka jeki, nikalala kwa mgongo katika mavumbi ya ua wa baba yangu, majirani wote wakinitazama, na nikaanza kulegeza bolti mpya za kampuni, moja baada ya nyingine, zile nilizozilipia kwa fahari. Hakuna aliyecheka. Mzee mmoja alikuja akanishikia tochi. Nilipomaliza nilishusha gari mpaka chini ya mlima, nikaligeuza, nikapanda nalo kwa nguvu zote, na lile gari likalia kama zamani, likatangulia mbele yangu mpaka kwenye nyumba zile.

Yaliyotokea ndani nilisimuliwa na Mama Riziki. Anasema mama alifungua macho, akageuza kichwa kuelekea barabarani, na uso wake ukafunguka.

"Weka maji," alimwambia. "Mutoto iko chini ya mulima."

Mama Riziki alitii. Aliweka maji, akachochea kuni. Mimi nilipita kanisani, nikazima gari uani, nikaingia. Maji yalikuwa yanachemka. Hakukuwa na mtu tena wa kunisongea bugali.

Tulimzika pale Fizi, karibu na baba. Baada ya matanga nilizikaza zile bolti mwenyewe, mbele ya watu, na mavumbi hayajanitisha tena tangu siku ile. Karakana hii unayopita mbele yake ilianzia pale. Leo wanaleta magari kutoka Misisi, pikipiki kutoka Minembwe, na hata wale wa mashirika wenye magari makubwa wananiita Papa. Nimejenga nyumba ya matofali ya kuchoma, watoto wangu wamesoma. Yote hayo niliyapata kwa mikono hii, na sitaacha kuyasema. Ila nikipanda Fizi kutazama makaburi, nikifika chini ya mlima ninapiga honi. Abiria wananiuliza nampigia nani. Mimi naendelea kupanda, nikijua juu kule hakuna anayeweka maji.

Sasa nisikilize, mwanangu. Bolti zikilegea, zikaze mapema, na uzikaze karibu na nyumbani, maana hewa ile ni mbaya na njia zetu hazina huruma. Hapa utalipa gasketi na soda ya kijana wangu. Ukienda mbali kwa ajili ya jina la kampuni, bei yao utaimudu, wewe una nguvu ya kutafuta. Zile Jumapili ndizo hutaweza kuzilipa. Usione haya kulala chini ya kitu chako mwenyewe. Na kabla hujaambia soko na kanisa kwamba unasafiri, mwambie kwanza yule anayekusikiliza njiani. Mwambie unakwenda wapi, unarudi lini, na utakuja na sauti gani.

Mama yako yuko Lubondja, namjua. Mwezi uliopita alinunua chumvi hapa jirani, akaniambia kwa furaha kwamba siku hizi anajua umefika kabla hujatokea kwenye kona. Basi nenda kwake leo. Mwambie gari litanyamaza, na kuanzia sasa asikilize honi. Kesho uniletee gari, bolti nitazikaza mwenyewe.

Mungu wa baba zetu akufikishe kila unakokwenda, mwanangu. Akuepushe na wenye silaha na mito iliyojaa. Ampe mama yako masikio mpaka uzeeni, nawe akupe miaka mingi ya kuingia uani na kukuta maji yako yanachemka, na aliyeyaweka yupo.