Mama Aliyesema Mimi ni Wake

Nakumbuka mchana mmoja, mjukuu wangu, niliposhikwa shati kwa nyuma pale Mtaa wa Msimbazi, na mtu akapiga kelele ya mwizi. Nilikuwa kijana wa kubeba mizigo, nalala Ilala katika chumba cha kuchangia na wenzangu, na Kariakoo nzima hakuna aliyelijua jina langu. Jora la kitambaa lilikuwa limepotea katika duka moja la pale, na mimi ndiye niliyekuwa nimepita karibu.

Sikuiba. Lakini kelele ile ikishapigwa, ukweli wako hauna kazi tena. Wewe umezaliwa mjini, unajua. Nilipigwa kofi, nikapigwa teke, nikaanguka, na nikasikia mtu akiuliza tairi liko wapi. Nikaanza kumwita mama yangu, ambaye alikuwa Kondoa na wala asingenisikia.

Aliyesikia ni Mama Aika. Alikuwa mjane wa Kichaga, muuza vitenge, mfupi, magoti yanamsumbua. Nilishawahi kumbebea marobota, basi, hatukuwa tumezungumza zaidi ya shikamoo na marahaba. Aliwapenya wanaume wale kwa viwiko kama mtu anayewahi bomba la maji, akasimama mbele yangu.

"Huyu ni wangu," alisema. "Anayemtaka aanze na mimi."

"Mama, toka hapo, huyo kibaka," mmoja akamwambia.

"Nimesema ni wangu. Duka langu mnalijua. Mwenye neno anifuate."

Mpaka leo nikikumbuka nywele zinanisimama. Nimeona wakubwa wakipita na ving'ora barabara ikafungwa, lakini sijaona tena umati ukinyamaza namna ile kwa sababu ya mama mmoja mwenye magoti mabovu. Mikono ilishuka. Watu wakaanza kukumbuka shughuli zao.

Dukani kwake alinipa maji nikanawa damu. Jora halikuwa limepatikana, na halikupatikana kamwe. Nikamuuliza, "Mama, ulijuaje kama sikuiba?"

"Sikujua," alinijibu, huku akikunja vitenge vyake. "Nilijua tu kwamba huna mtu."

Nililia, mwanangu. Sikulia nilipopigwa, nililia pale.

Yeye hakunibembeleza. Alisema, "Sasa nimeshatamka mbele za watu. Usinifanye niwe mwongo. Kesho uje mapema."

Nilikwenda. Akanitembeza mtaa mzima, duka kwa duka, mpaka kwa mzee wa Kihindi aliyeuza sufuria, na kila mahali nikaamkia, naye akasema, "Huyu kijana wangu." Mimi nilikereka, najiona mwanaume mzima nazungushwa kama mtoto wa chekechea. Ilinichukua muda kuelewa kwamba alikuwa ananitafutia watu wengine wa kusimama pale yeye asipokuwepo. Biashara hii ya vitenge unayoiona nilijifunzia mikononi mwake, na binti yake Aika ananiita kaka hadi leo.

Sasa wewe na wenzako mmeanzisha kikundi cha kuwasaidia vijana wa mtaani, mkaja kuniuliza muanze na nini. Umesema jezi, umesema mafunzo, umesema cherehani. Vyote vizuri, na mimi nitachangia, usiwe na wasiwasi. Ila kabla ya hivyo, nendeni mkawajue. Yule anayelala kibarazani, jueni jina lake na kwao ni wapi. Mtembezeni kwa watu, semeni waziwazi kwamba ni wenu, halafu mfanye kazi ya kuufanya usemi huo uwe kweli, hata siku atakapowaudhi. Na wapo watakaowaudhi sana. Msingoje kwanza athibitishe kuwa ni mwema. Mimi ningengojwa hivyo, leo usingekuwa na babu wa kumuuliza.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe kifua cha mama yule na magoti mazima kuliko yake. Na siku dunia itakapokuzunguka wewe, akuletee mtu wa kupenya katikati ya umati na kusema wewe ni wake.