Mtaa Uliokwama kwa Salamu

Kwa wiki mbili nililala vibaya kwa sababu ya swali moja: utawaambiaje watu wawili waliokupa Jumapili zao zote kwa miaka mitatu kwamba kitu mlichokuwa mkikijenga pamoja hakitakwisha? Nilikuwa nimetayarisha maelezo ya namna saba. Ya kwanza yalikuwa ya upole mno, hayakusema kitu. Ya nne yalikuwa barua. Ya saba yalikuwa kuugua homa siku hiyo na kuacha mambo yajiendee yenyewe.

Kitu chenyewe kilikuwa mchezo wa kompyuta. Siku zile, mwishoni mwa miaka ya tisini, kila mtu ilibidi nimweleze mara mbili. Mmoja aketi mbele ya kompyuta yake Kibokoni, mwingine yake upande wa pili wa kisiwa, waya wa simu uziunganishe, na wote wawili wajikute katika mtaa mmoja ndani ya skrini. Waonane, wazungumze, wauziane vitu, wagombane wakitaka. Mtaa huo ulikuwa Mji wa Kale, nami nilitaka uwemo wote, tangu ngome hadi bandari ya zamani, na kila kichochoro kiende pale kinapokwenda kweli.

Tulikuwa watatu. Mimi nilikuwa nimetoka chuo kikuu na shahada ya hesabu, na asubuhi nilifundisha kompyuta katika chuo kidogo karibu na Barabara ya Digo. Wa pili alikuwa fundi, kijana wa bara aliyetengeneza kompyuta katika ofisi moja ya bandarini. Jumapili alitoka kanisani akaja kwetu moja kwa moja, na shati lake la kanisani, mikono akiikunja tayari. Wa tatu alikuwa mchoraji. Kazi yake ilikuwa kupaka rangi mashua na kuziandika majina kule Liwatoni. Nilimwomba atuchoree nyumba za kwenye skrini. Akajifunza kipanya kwa siku moja na kukilaani kwa miaka mitatu.

Tulifanyia kazi katika chumba cha chini nyumbani kwa shangazi yangu, Kibokoni, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa na simu. Msichana kukaa chumbani na wanaume wawili ni jambo ambalo mtaa ungelipatia maneno, kwa hivyo sharti lake lilikuwa mlango uwe wazi, naye aketi hapo hapo akishona kofia zake. Akawa mtu wa nne bila kuulizwa. Alisikia kila neno tulilosema, na mara kwa mara, bila kuinua macho kwenye sindano, alituambia kwamba nyumba tuliyoichora haina choo.

Mwanzoni niliamini tungemaliza kwa mwaka mmoja. Mwezi wa kwanza tulitengeneza kitu kidogo cha kujaribia waya tu: baraza moja, watu wanne, na mchezo wa dhumna. Ilifanya kazi siku ile ile. Fundi, akiwa ofisini kwake bandarini, aliweka kipande, nasi tukakiona kikitua kwenye skrini Kibokoni. Shangazi aliacha kushona. Alitaka kujua kama yule kijana anaweza kuona vipande vya wenzake kutoka huko aliko. Tulipomhakikishia kuwa hawezi, alivuta kiti.

Kisha tukaiweka dhumna kando na kuanza kazi tuliyoiita kazi yenyewe.

Hapo ndipo nilipoanza kukumbuka vitu. Kila tulipokaribia kumaliza nilikumbuka kimoja zaidi. Mtaa bila muuza kahawa si mtaa, kwa hivyo tukamtia muuza kahawa, naye akahitaji vikombe, na vikombe vikahitaji mtu wa kuviosha. Maji ya bahari lazima yajae na kupwa kwa saa zake. Mchoraji naye hakunizuia, kwa sababu alikuwa na paka wake. Alikuwa akipita vichochoroni na daftari akimchora kila paka aliyekutana naye, na wote walitakiwa waingie: yule wa sokoni mwenye sikio lililochanika, yule mweupe wa msikitini anayelala kwenye viatu vya watu. Mwaka wa pili kompyuta za chuoni zilibadilishwa, zikaja zenye rangi nyingi zaidi, na picha zetu zote zikaonekana kama zimefuliwa kwa magadi. Akaanza upya, paka kwa paka.

Wakati huo nilikuwa nimesoma, katika jarida kuukuu la ng'ambo nililolikuta kwa muuza vitabu wa kando ya barabara, kwamba kampuni moja kubwa huko imeufuta mchezo wake wa mtandaoni baada ya miaka mingi ya kuutengeneza. Walikuwa na watu mia na zaidi, na tangazo lao lilikuwa la mistari mitatu. Niliwasomea wenzangu kwa dharau. Mtu anafutaje kitu kilichobakiza kidogo tu kumalizika?

"Labda ni kile kidogo kilichowashinda," fundi alisema, kichwa chake kikiwa ndani ya kompyuta.

Nilimwona hajui anachosema.

Jambo nililojivunia kuliko yote lilikuwa salamu. Nilikataa katakata mchezo wa Mji wa Kale ambamo mtu anampita mwenzake kama jiwe. Nikaweka sheria: wawili wakikutana, hawawezi kuendelea mpaka wasalimiane sawasawa. Salamu aleikum na jibu lake, hali, wa nyumbani, habari za tangu tulipoachana, yote kwa zamu. Wakiachana, waagane. Aliye katika dhumna hasumbuliwi mpaka mchezo wake uishe, maana hata nje ndivyo ilivyo. Tuliijaribu sisi watatu na ikapendeza mno. Mchoraji alisema ndiyo mara ya kwanza fundi kumuuliza hali ya mama yake.

Mkuu wa chuo nilikofundisha alikuwa ametuwekea chumba chenye kompyuta kumi na moja kwa mwaka mzima, akingoja mchezo huu ili wanafunzi wake waucheze mchana. Siku moja aliniita.

"Mwalimu, mimi si mtu wa haraka," alisema. "Lakini nina darasa la kupiga chapa linakaa ukumbini kwenye viti vya arusi. Jumatatu ya wiki ya tatu niambie neno moja. Upo au haupo."

Wiki mbili za usingizi mbaya zilianzia hapo. Nilikaa na orodha ya vilivyobaki na kuona kwamba ilikuwa ndefu kuliko ya mwaka uliopita. Sikumwambia mtu. Badala yake nilipanga jaribio kubwa Jumapili ya mwisho, nikitumaini kwamba jaribio lenyewe litasema kwa niaba yangu.

Siku hiyo wanafunzi kumi na mmoja waliketi chuoni, mimi na fundi tukisimama nyuma yao. Mchoraji alibaki Kibokoni na shangazi, aliyekuwa mchezaji wa kumi na mbili kupitia simu. Ili kuhakikisha waya uko sawa, tuliwaingiza kwanza watu wanne kwenye baraza la dhumna: wanafunzi watatu na shangazi. Mchezo ulianza. Kisha tukawafungulia mtaa wale wanane waliobaki.

Walitokea wote pamoja, kwenye kichochoro kimoja, wakitazamana. Wakasalimiana.

Nilingoja. Mtu wa kwanza alikuwa na watu saba wa kuwasalimu, na kila mmoja wao alikuwa na saba wake. Waya ule mwembamba wa simu ya Kibokoni ulibeba kila "hali gani" na kila "njema" kwenda kwa shangazi na kurudi, kwa kuwa nilitaka waketio barazani wasikie mtaa ukiamkiana. Baada ya dakika sita wakamaliza. Wakaagana, maana ndiyo sheria. Lakini kichochoro kilikuwa na njia moja tu, kwa hivyo wote wanane walipiga hatua moja upande ule ule, wakakutana tena.

"Salamu aleikum," iliandika skrini. "Habari za tangu tulipoachana?"

Mwanafunzi mmoja alicheka mpaka akalaza kichwa kwenye kibodi. Mwingine alisema, "Mwalimu, mimi nilitaka kwenda kununua kahawa tu, sasa ni mara ya tatu naulizwa watoto. Sina watoto."

"Jibu hawajambo," jirani yake alimwambia, "la sivyo hutapita."

Fundi alikuwa amejifunika uso kwa mikono miwili. Nilidhani analia. Mabega yalikuwa yakitikisika kwa kicheko.

Nilisimama pale nikihesabu jinsi ya kuuokoa mtaa. Ningeweza kuamuru salamu moja itoshe kwa wote, kama mtu anapoingia mahali penye watu akatoa salamu, na mmoja akaitikia kwa niaba yao. Ilikuwa kazi ya wiki mbili. Kisha vichochoro vingehitaji kupanuliwa, wiki nne. Kisha nikagundua kuwa chumba kimehama. Wanafunzi wanane walikuwa wameziacha kompyuta zao ziendelee kusalimiana zenyewe, wakajipanga nyuma ya wale watatu wa dhumna. Chini ya skrini maneno ya shangazi yalikuwa yakifika, herufi moja moja, kwa kidole kimoja.

"wewe wa kushoto wacheza kama mtu achaguaye nyanya"

"Nani huyu?" aliuliza yule wa kushoto.

"Mwanamke mmoja wa Kibokoni," nilisema.

"Ana umri gani?"

"Cheza, baba," skrini iliandika, kana kwamba shangazi amesikia. "kofia yangu yaningoja"

Wakapiga kelele. Shangazi aliweka kipande chake cha sita-sita, akawamaliza, na wanane wale wakaanza kugombea zamu. Kwenye kompyuta zao tupu, nyuma, mtaa wangu wa miaka mitatu uliendelea kuulizana hali.

Nilitazama huku na huku mara kadhaa. Kwa mara ya kwanza katika wiki mbili sikuwa na maelezo ya namna saba.

Tulirudi Kibokoni kwa miguu, mimi na fundi. Shangazi na mchoraji walikuwa barazani wakinywa chai, mlango wazi, simu bado ya moto. Niliketi na kusema kabla sijakaa vizuri.

"Nataka tuufute mtaa. Wote. Tubaki na dhumna."

Fundi alivuta kiti. "Nilikuwa nangoja useme tangu mwaka jana," alisema. "Niliogopa utalia."

"Mbona hukusema wewe?"

"Ulikuwa na orodha, dada. Mtu mwenye orodha hakatizwi."

Mchoraji hakucheka. Alizungusha kikombe chake. "Na paka wangu je?" aliuliza.

Hilo ndilo nililoliogopa. Yeye ndiye aliyepoteza zaidi. Nyumba zile alizichora mara mbili, dirisha kwa dirisha. Nikaanza kumwomba radhi, nikaongeza maelezo, nikayaeleza maelezo yenyewe, mpaka shangazi akaniwekea mkono kwenye goti.

"Mwanangu, mwache avute pumzi," alisema. Kisha akamgeukia. "Sisi wanne tulioketi kwenye dhumna, nyuso zetu hazipo. Kuna jina tu. Mimi sitaki kuwa jina. Nipe yule paka mweupe."

Mchoraji aliweka kikombe chini. "Yule ni dume," alisema.

"Basi yule wa sokoni, mwenye sikio bovu. Yuwafanana na mimi."

Akacheka, bila kutaka, na akaenda ndani kutafuta daftari lake.

Tangu hapo nimesoma habari kama ile ya jarida mara nyingi. Kila mara watu huuliza kwa nini walikata tamaa baada ya kufika mbali kiasi kile. Mimi sidhani kila mara ni kukata tamaa. Nadhani katika chumba fulani, kuna mtu amegeuka akaona watu wote wameketi upande wa pili.

Jioni ile ile, kabla ya magharibi, nilikaa mbele ya kompyuta na fundi akanisomea majina ya mafaili moja moja: vichochoro, maji, kahawa, vikombe, salamu.

"Hakika?" kompyuta iliniuliza, kama tulivyoifundisha.

Shangazi alikuwa amesimama mlangoni. "Fanya haraka," alisema. "Nimeahidi kuwarudia wale vijana."

Nikabonyeza.

Jumatatu nilimwambia mkuu wa chuo kwamba mtaa haupo na kwamba darasa la kupiga chapa lichukue kompyuta saba. Nilimwomba aniachie nne. Aliuliza kilichomo ndani ya nne hizo, nikamweka kwenye kiti na kutia diski. Kwenye skrini walitokea paka wanne wakizunguka meza, mmoja mweupe, mmoja mwenye sikio lililochanika. Mkuu akavaa miwani yake, akachagua mweupe, akaweka kipande chake cha kwanza, nami nikaenda kuwaita wanafunzi watatu.