Kiswahili cha Mbwa

Fundi viatu wa Mengo alikuwa na Kiswahili cha mbwa tu. Kavugho, mama wa Kikongo aliyeuza mihogo mkabala na kibanda chake, alikisikia kutwa hadi kikamchosha: "Kaa. Nyamaza. Lete mguu." Mbwa mwenyewe aliachwa na Mhindi wa duka la vitambaa, mwaka ule Wahindi walipofukuzwa, na hakujua lugha nyingine. Basi mzee fundi, misumari midogo ameibana midomoni, alimsemesha mbwa Kiswahili na majirani Kiganda. Wakipita askari, ambao lugha yao ilikuwa Kiswahili, alijitia kushughulika na viatu.

Asubuhi moja askari aliingia kibandani, buti lake limeachama. "Mzee, shona hii sasa hivi." Fundi akatema misumari kiganjani. Mzee alitafuta maneno, akapata yale yale aliyokuwa nayo. "Kaa," alisema, kwa ukali wake wa kila siku. "Nyamaza. Lete mguu." Kavugho akainamia mihogo yake ili asione. Alipoinua macho, askari alikuwa amekaa, amenyoosha mguu, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Mbwa naye alikuwa amekaa kando yake.

Tangu siku hiyo, asije askari akasikia mbwa akiambiwa maneno yale yale, fundi alimsemesha kwa Kiganda tu, tena kwa sauti ya chini. Mbwa alikuwa akimtazama mdomo, akingoja aambiwe kitu.