Mwokoaji wa Maji ya Magoti

Sostenes alichimba visima kule Ihanja miaka mingi, mpaka mgongo ukakataa. Ndipo akapata kazi katika hoteli moja kando ya ziwa la chumvi, Singida mjini: kupima maji ya ufukwe kila asubuhi na kuokoa wanaozama. Kuogelea hakujua. Wala hakuna aliyemuuliza.

Kupima alikupenda. Ufukwe ulijificha kati ya majabali mawili, upepo haufiki, maji yametulia kama uji uliopoa. Alichovya karatasi yake ya kupimia, akatazama rangi, akaandika ubaoni: "Maji safi. Chumvi nyingi, usifumbue macho. Kina: magoti." Mvua ilikuwa haba mwaka huo, na ziwa liliporudi nyuma, Sostenes alilifuata na ubao wake.

Siku moja akaja mkaguzi wa hoteli, Chediel, kijana mwenye suti na viatu vinavyong'aa.

"Shikamoo, mzee. Nataka kuona unavyookoa mtu."

"Marahaba. Mtu gani?"

Felista, meneja, alimwita Agripina wa jikoni, akamwomba azame. Agripina akavua aproni, akatembea hatua arobaini, maji bado magotini. Akaketi. "Nazama," akasema, kama anayeomba apishwe njia.

Sostenes akakunja suruali, akamwendea, akamshika mkono.

"Hapana, mzee!" Chediel akapaza sauti. "Fomu inasema mwokoaji aogelee."

"Hapa? Hapa hata samaki angetembea."

"Fomu inasema."

Basi Sostenes, babu wa wajukuu saba, akalala kifudifudi, akatambaa kwa viganja topeni huku akirusha miguu. Aibu ilimwasha kuliko chumvi. Wahudumu wote wakatazama mawingu.

Chediel akasogea aone vizuri. Akakanyaga kando ya jabali, tope likammeza mpaka mapajani. Kila alipojitikisa, alizidi kudidimia.

"Mzee! Nakufa!"

Tope Sostenes alilijua. Lilishamshika visimani mara nyingi. "Tulia, mwanangu. Usivute mguu. Lala chali."

"Na suti?"

"Itafuliwa."

Akalala. Sostenes akapenyeza mkono kando ya mguu ili maji yaingie. Ukatoka mmoja, kisha wa pili. Viatu vilibaki humo.

Baada ya wiki ripoti ikaja: hoteli imefaulu, mwokoaji anaogelea "kwa mtindo usiojulikana, lakini unaofaa." Felista akaibandika mapokezi.

Jumamosi, wageni wanne kutoka Dodoma, waliotaka kujifunza mtindo huo, walilala kifudifudi kwenye maji ya magoti, na Sostenes, uso mkavu, akawahesabia: "Moja, mbili, rusha miguu!"