Sauti Nyuma ya Kiambaza

Pale Nshamba watu waligombana juu ya mipaka ya vibanja mpaka mate yakawakauka, lakini juu ya jambo moja hawakubishana: hakuna aliyemfikia Alistidia kwa kusimulia olugano, zile ngano za Kihaya za jioni. Mwanamke wa migomba na kahawa, mdomo mkali, mkono wa kutoa.

Nyumbani kwake hakusimulia. Mumewe, Karugendo, alipigwa na kiharusi muda mfupi baada ya Uhuru, upande mmoja ukafa na maneno yote yakampotea. Alistidia aliona ni ukatili kuporomosha ngano mbele ya mtu asiyeweza hata kuomba maji, hivyo akazihamishia kwa jirani yake, Georgina.

Mwaka ule wa pilikapilika za vijiji vya ujamaa akaja Burhani, kijana wa utamaduni kutoka Bukoba mjini, na tepurekoda begani, akikusanya ngano kabla wazee hawajaondoka nazo. Jioni aliyofika majirani walikusanyika kwa Georgina, lakini mvua ikanyesha, paa likavuja, wote wakahamia kwa Alistidia. Burhani akaiweka mashine penye ukavu, kando ya kiambaza. Upande wa pili ndipo alipolala Karugendo.

Olugano halisimuliwi kwa watu walionyamaza. Msimulizi akisema kwa Kihaya, mwanzoni na tena katikati ya ngano, "Nilikwenda nikaona," walioketi sharti waitikie, "Tuonyeshe tuone." Wasipoitikia, anafunga mdomo, anakwenda zake. Jioni ile waliitikia kwa nguvu, na Alistidia akanoga kwelikweli.

Asubuhi Burhani akawasikilizisha kanda. Georgina alicheka kujisikia, kisha kicheko kikamkatika. Chini ya sauti za watu wote ilikuwapo nyingine, nzito, ikichelewa kidogo, karibu kabisa na mashine: "Tuonyeshe tuone." Georgina akapiga ishara ya msalaba. Burhani akarudisha kanda nyuma, na sauti ikaja ileile.

Alistidia akaisogelea mashine. Aliijua sauti hiyo, ndiyo iliyomposa. Butwaa likageuka hasira. Miaka yote ya kumlisha, kumwogesha, kumsemea kwenye vikao vya ukoo, kuhangaika naye hospitali na kwa waganga, kumbe mtu ulimi anao, kauficha! Akaingia chumbani kwa kishindo, lakini hata kwa hasira hakuacha "Ta", neno la heshima la Kihaya.

"Ta Karugendo, nimekukosea nini hata unifanye mjinga?"

Karugendo akafungua kinywa. Midomo ikahangaika, mishipa ya shingo ikasimama, ikatoka sauti isiyo na neno. Akajaribu tena, jasho likimtiririka. Hapana mtu awezaye kuigiza vile. Alistidia aliliona hilo, akaingiwa na hofu. Akajikuta akitamka mwanzo wa ngano mchana kweupe, jambo ambalo wazee walimkanya tangu utoto:

"Nilikwenda nikaona."

"Tuonyeshe tuone," akajibu Karugendo, wazi kabisa, bila kigugumizi.

Akamwuliza, mimi ni nani? Kimya. Akamwuliza jina la mtoto wao wa kwanza. Kimya, na machozi. Akarudia mwanzo wa ngano, jibu likaja safi kama la kijana. Ugonjwa ulikuwa umezoa kila kitu ukaliacha hilo moja.

Alistidia akakaa sakafuni. Hasira ilikwisha, na kilichobaki kilimuuma kuliko hasira. Mume wake alikuwa na maneno miaka yote hiyo, akingoja tu mtu wa kumwanzishia, na mtu huyo kila jioni alijifunga kanga akaenda kwa Georgina. Eti kwa huruma!

Burhani, aliyesimama mlangoni, akaomba kwa upole arekodi na hili, maana halijapata kusikika.

"Zima mashine yako, mwanangu," alisema Alistidia. "Hii si ya kupeleka Bukoba."

Akaushika ule mkono uliokufa, akaanza ngano upya, na kila alipofika mahali pa kuitikiwa alinyamaza akasubiri.